Neva Iliyokatika Huotaje Tena? Eksosomu na Tiba ya Mishipa ya Fahamu

Katika miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, kazi nyingi za shamba hufanywa kwa mikono. Majembe huchimba mashimo ya ngoro, mapanga husafisha vichaka, na mikasi hupogoa mibuni. Huko chini, katika mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, wavuvi huvuta kamba na nyavu usiku, na mchana usipa huanikwa juani. Kwa watu hawa mkono ndio mtaji wa kwanza. Panga likiteleza na kuingia katika kifundo cha mkono, jambo linaloogopwa mara moja ni damu. Damu ikizuiwa na ngozi ikishonwa, baada ya wiki mbili au tatu jeraha huwa limefunga, na majirani husema kwamba mtu huyo amepona.

Mara nyingine hajapona. Kidole cha mwisho hakihisi kitu, na nusu ya kidole cha pete vilevile. Misuli midogo ya kiganja huanza kunywea, na vidole hujikunja bila kutaka. Mtu wa namna hiyo anaweza kushika sufuria ya moto asijue kwamba anaungua mpaka aone malengelenge. Ngozi imeunga, lakini neva iliyokuwa chini yake bado imekatika.

Neva, ambazo watu wengi huziita mishipa ya fahamu, ndizo njia zinazochukua habari baina ya ubongo na viungo vya mwili. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza tiba mpya ya neva zilizojeruhiwa, inayotumia vifuko vidogo mno vitolewavyo na seli hai. Vifuko hivyo huitwa eksosomu. Ili msomaji aelewe tiba hiyo inaahidi nini, na kwa nini bado haijawa dawa ya hospitali, hana budi kuelewa kwanza jinsi neva ilivyojengwa, jinsi inavyokufa na jinsi inavyoota tena.

Muundo wa neva

Seli nyingi za mwili ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu. Seli ya neva nayo ina kiini na mwili mdogo wa namna hiyo, ila hutoa mkia mwembamba ambao waweza kuwa mrefu ajabu. Mkia huo huitwa aksoni. Seli inayoamuru misuli ya wayo ina makao yake katika uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Aksoni yake hushuka pajani, hupita nyuma ya goti, na kufika katika wayo. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa karibu mita moja.

Neva moja, kama ile ipitayo nyuma ya kiwiko, ni fungu la maelfu ya aksoni zilizofungwa pamoja ndani ya ala, mfano wa kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Baadhi ya nyuzi hupeleka amri kwenye misuli. Nyingine hurudisha habari za mguso, joto, baridi na maumivu. Mtu anapojigonga kiwiko akahisi kama umeme ukikimbia hadi kidole cha mwisho, huwa ameigonga neva hiyo.

Aksoni haiishi peke yake. Katika urefu wake wote huzungukwa na seli nyingine ambazo zilielezwa na Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1839, nazo huitwa kwa jina lake. Seli za Schwann huzikunjia aksoni kubwa utando wenye mafuta mengi uitwao mayelini, tabaka juu ya tabaka, na utando huo huiwezesha habari kupita upesi. Ni rahisi kudhani kwamba kazi yao inaishia hapo, kama ilivyo kazi ya mpira unaofunika waya wa umeme. Kazi yao kubwa zaidi huonekana neva inapokatika.

Milimita moja kwa siku

Mwaka 1850 daktari wa Uingereza, Augustus Waller, alieleza jambo aliloliona katika neva za ulimi wa chura. Alipoikata neva, sehemu iliyotengwa na mwili wa seli ilivunjika vipande vipande na kufa. Sehemu iliyobaki imeungana na mwili wa seli haikufa, nayo ndiyo inayoweza kuota tena.

Katika siku za kwanza baada ya jeraha, seli za Schwann za upande uliokufa hubadili tabia. Huacha kutunza mayelini, hushirikiana na seli za ulinzi wa mwili kuondoa mabaki ya aksoni, huongezeka kwa kugawanyika, kisha hujipanga safu safu ndani ya ala iliyobaki tupu. Ncha ya aksoni iliyo hai hutoa vijidole vyembamba vinavyopapasa huku na huku. Ikikuta safu ya seli za Schwann, huifuata kama mpita njia afuatavyo ujia katika msitu. Isipoikuta, hupotea katika kovu na kufanya fundo lenye maumivu.

Mwendo huo ni wa polepole. Kwa binadamu, aksoni huota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Hesabu yake ni nyepesi. Neva iliyokatika katika kifundo cha mkono, milimita 180 kutoka ncha ya kidole, itahitaji kama miezi sita. Ikikatika penye kiwiko, safari ya milimita 420 itachukua miezi kumi na minne. Ikikatika karibu na kwapa, misuli ya kiganja itaingoja kwa karibu miezi ishirini. Juu ya muda huo ziongezwe wiki chache ambazo aksoni hutumia kuvuka mahali penyewe palipokatika.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Msuli usiopata amri ya neva hunywea, na baada ya kadiri ya miezi kumi na miwili hadi kumi na minane huwa vigumu kuurudishia nguvu zake. Safu za seli za Schwann nazo hudhoofika zikingoja muda mrefu. Basi neva inaweza kufika mwisho wa safari yake ikakuta hakuna tena msuli wa kuuamuru. Daktari wa upasuaji anaweza kushona ncha mbili za neva kwa uzi mwembamba mno chini ya darubini. Nafasi ikiwa kubwa, anaweza kuiziba kwa kipande cha neva isiyo na kazi kubwa, iliyotolewa mguuni. Hata hivyo, mkono wake hauwezi kuiharakisha aksoni. Swali ambalo wanasayansi wamejiuliza kwa muda mrefu ni hili: seli ya Schwann huiambia nini aksoni ili iote, na je, maneno hayo yaweza kuongezwa nguvu?

Mahali ambapo neva haioti

Umuhimu wa seli ya Schwann huonekana wazi mtu akitazama mahali isipokuwapo. Wilaya ya Mbinga imetajwa katika maandishi ya kitaalamu kwa sababu ya maradhi yaitwayo konzo. Maradhi haya yalielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na jina lake limetoka katika lugha ya Kiyaka ya huko. Nchini Tanzania yalichunguzwa Tarime katika miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitokea katika wilaya za Mtwara na Mbinga, na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walishiriki kuyachunguza.

Konzo hutokana na kula kwa muda mrefu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa wakati wa ukame au uhaba ambapo mlo hauna protini ya kutosha. Muhogo huo hutoa sayanidi. Mwili unaweza kuigeuza sumu hiyo kuwa kitu chenye madhara madogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo huipata katika protini za vyakula kama samaki, nyama na mayai. Salfa ikipungua, sumu hubaki. Mtoto au mama aliyelala akiwa mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, na ulemavu huo hudumu maisha yote.

Seli zinazodhuriwa na konzo ni zile zinazopeleka amri kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Neva za ubongo na uti wa mgongo hazina seli za Schwann. Hutunzwa na seli za aina nyingine ambazo haziitengenezei aksoni ujia wa kuotea. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, waliokuwa wakifanya kazi Montreal nchini Kanada, walionyesha jambo la ajabu. Walipandikiza katika panya kipande cha neva ya mguu, chenye seli zake za Schwann, kikawa kama daraja kati ya ubongo na uti wa mgongo. Aksoni za seli zilizo ndani ya ubongo na uti wa mgongo ziliota zikaingia katika daraja hilo. Kumbe uwezo wa kuota haukuwa umekosekana kabisa. Kilichokosekana ni jirani wa kuuamsha.

Jaribio hilo halikuleta tiba ya konzo, na mpaka leo konzo haina tiba ya kurudisha neva zilizoharibika. Kinga yake inajulikana, nayo ni rahisi. Mbali na kulowesha muhogo kwa siku kadhaa kabla ya kuukausha, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, na kuachwa kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sayanidi hutoka ikiwa hewa, na unga hupikwa siku hiyohiyo.

Adui wa seli ya Schwann

Ushahidi wa pili unatokana na ukoma. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwei, aligundua bakteria wanaosababisha ugonjwa huo. Bakteria hao hupenda sehemu za mwili zilizo na ubaridi kidogo, huongezeka taratibu sana, na huingia ndani ya seli za Schwann na kuishi humo. Mwili unapopambana nao, neva huvimba na kubanwa. Neva zinazoathirika sana ni zile zilizo karibu na ngozi: ile ya kiwiko, ile ya ubavuni mwa goti, ile ya kifundo cha mguu na zile za uso.

Watu wengi huamini kwamba ukoma hula vidole. Haviliwi. Vidole hupotea kwa sababu mgonjwa hahisi. Hukanyaga mwiba akaendelea kutembea. Hushika kaa la moto. Jeraha huoza bila kumuuma, na mwishowe mfupa huharibika. Chanzo ni kuumia kwa neva za pembeni, yaani zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, kama ilivyo kwa mtu aliyejikata kwa panga.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza nchini mwaka 1977. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza dawa za mseto, yaani dapsoni, rifampisini na klofazimini, ambazo leo hutolewa bure kwa miezi sita au kumi na miwili. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo, ugonjwa haukwisha, na mikoa ya kusini ni miongoni mwa sehemu ambako wagonjwa wapya wameendelea kugunduliwa. Dawa za mseto huwaua bakteria, lakini hazirudishi neva iliyokwisha kufa. Kwa maelfu ya watu waliopona ukoma huku mikono yao ikiwa haina hisia, suala la kuotesha neva linahusu maisha yao ya kila siku.

Takataka iliyokuwa barua

Njia moja ya mazungumzo kati ya seli ya Schwann na aksoni iligunduliwa na watu ambao hawakuwa wakitafuta habari za neva. Mwaka 1983 makundi mawili ya wachunguzi, moja la Rose Johnstone huko Montreal na jingine la Philip Stahl huko St. Louis, Marekani, yalikuwa yakichunguza jinsi seli changa nyekundu za damu zinavyokomaa. Seli hizo zilitoa nje vifuko vidogo mno. Baadaye vifuko hivyo vilipewa jina la eksosomu. Vilionekana kuwa njia ya seli kutupa vitu isivyovihitaji tena.

Eksosomu hutengenezwa hivi. Ndani ya seli hutokea mfuko, na utando wa mfuko huo hujikunja kwa ndani na kufanya vifuko vingi vidogo, kama maganda ya mbaazi yalivyo na mbegu ndani yake. Mfuko mkubwa husogea hadi kwenye utando wa nje wa seli, huungana nao, na kuvimwaga nje vile vidogo. Kimoja kina upana wa nanomita 30 hadi 150. Eksosomu 10,000 zenye upana wa nanomita 100 zikipangwa mstari mmoja hufikia urefu wa milimita moja tu. Darubini ya shuleni haiwezi kuzionyesha. Huhitajika darubini ya elektroni.

Mwaka 2007 kundi la Jan Lötvall huko Gothenburg, Sweden, lilionyesha kwamba ndani ya eksosomu mna RNA, ile kemikali inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. Eksosomu za seli moja zilipoingia katika seli nyingine, baadhi ya maagizo hayo yalifuatwa huko. Tangu hapo wengi waliacha kuziona kuwa takataka. Zilionekana kama vifurushi vinavyopakiwa melini Itungi na kupokewa Mbamba Bay: vimefungwa ili mzigo usiharibike njiani, na juu yake mna alama zinazomsaidia mpokeaji kuvitambua. Mzigo wenyewe ni protini, mafuta na RNA.

Mwaka 2013 watafiti wa Chile walieleza matokeo yaliyohusu neva moja kwa moja. Walikusanya eksosomu za seli za Schwann na kuzipeleka kwa seli za neva zilizokuzwa maabarani. Aksoni zilizipokea, na kuota kwake kukaongezeka. Walipozitumia kwa panya waliojeruhiwa neva kubwa ya mguu, huko nako uotaji uliongezeka. Hapo jibu moja la lile swali la kale lilipatikana: sehemu ya maneno ambayo seli ya Schwann huiambia aksoni husafiri ikiwa ndani ya vifurushi hivi.

Kutoka maabara hadi dawa

Wazo la tiba linafuata hapo. Kama seli za msaada zimekufa, zimechoka au ziko mbali, kwa nini barua zao zisipelekwe na daktari? Seli za Schwann zenyewe ni vigumu kuzipata, maana ili kuzivuna ni lazima neva nyingine ikatwe. Kwa sababu hiyo wachunguzi wengi hutumia seli shina, ambazo zinapatikana katika uboho wa mifupa, katika mafuta ya mwili au katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Seli hizo hukuzwa katika vyombo vya maabara, na eksosomu huvunwa katika majimaji yanayozizunguka. Kisha huchanganywa na ute mzito unaowekwa penye jeraha, au hutiwa katika kijibomba laini kinachounganisha ncha mbili za neva.

Eksosomu zina faida kadhaa zikilinganishwa na seli nzima. Haziwezi kugawanyika, kwa hiyo haziwezi zenyewe kuongezeka na kufanya uvimbe. Zaweza kugandishwa na kuhifadhiwa. Pia huamsha ulinzi wa mwili kwa kiasi kidogo zaidi. Katika majaribio mengi ya panya, neva zilizopewa eksosomu zilikuwa na mayelini nene zaidi, habari zilipita kwa kasi zaidi, na miguu ilitembea vizuri zaidi kuliko ile ambayo haikupewa.

Hata hivyo, panya si mtu. Katika majaribio mengi nafasi iliyoachwa kati ya ncha mbili za neva ya panya ni kadiri ya milimita 10, na neva ya panya huota vizuri hata bila msaada mkubwa. Hilo haliwezi kulinganishwa na mkono wa mkulima, ambamo safari ni ya mamia ya milimita. Zaidi ya hayo, kuzisafisha eksosomu ni kazi ngumu. Njia iliyozoeleka huyazungusha majimaji kwa kasi inayotoa nguvu mara 100,000 ya ile ya mvutano wa dunia, na bado takataka nyingine zenye ukubwa uleule zaweza kubaki humo. Mzigo hubadilika kulingana na seli ilikotoka na jinsi ilivyolishwa. Kwa hiyo vipimo vya maabara moja huenda visilingane na vya maabara nyingine. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa vifuko hivi kilitoa masharti ya upimaji mwaka 2014, kikayarekebisha mwaka 2018. Tena, eksosomu zikichomwa katika damu, nyingi huishia katika ini na bandama kabla ya kufika kwenye jeraha.

Lipo pia tatizo la biashara. Katika nchi kadhaa kumekuwa na watu wanaouza sindano za eksosomu kana kwamba ni dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha wananchi baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za namna hiyo, ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Nchini Tanzania majaribio ya dawa kwa binadamu hayana budi kupata kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtu anayeuziwa eksosomu kwa ajili ya ganzi ya miguu ana haki ya kuuliza kibali hicho kiko wapi.

Jaribio la darasani

Hisia ya ngozi inaweza kupimwa shuleni kwa vifaa vichache. Mwanafunzi mmoja hufumba macho. Mwenzake huchukua njiti mbili za kiberiti na kumgusa nazo kwa pamoja, taratibu, katika ncha ya kidole. Aliyefumba macho husema kama anahisi ncha moja au mbili. Njiti husogezwa karibukaribu mpaka ncha mbili zihisiwe kama moja, na umbali hupimwa kwa rula. Kisha kipimo hurudiwa katika mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Katika ncha ya kidole umbali huo huwa kama milimita 2 hadi 4. Katika mkono hufikia kama milimita 40. Tofauti hiyo inatokana na wingi wa miisho ya neva katika kidole.

Wauguzi hutumia maarifa ya namna hiyohiyo. Mgonjwa akifumba macho, baka la ngozi hugusishwa pamba nyembamba iliyosokotwa, naye huonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Baka lenye rangi hafifu au nyekundu lisilohisi mguso ni dalili kubwa ya ukoma. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala maabara, na chaweza kufanywa katika zahanati yoyote.

Muda ndio dawa ya kwanza

Msomaji aliyefuata hesabu ya milimita moja kwa siku atakuwa ameona kwamba eksosomu, hata zikifanikiwa, zitakuwa zikipigana na muda. Lengo lake ni kuifanya aksoni iwahi kufika kabla msuli haujafa. Kila mwezi unaopotea mwanzoni ni kama milimita 30 za safari ambayo haikuanza. Kwa sababu hiyo mambo yanayookoa neva leo ni yale yanayookoa muda.

Aliyejikata mkono au mguu achunguzwe hisia na mwendo wa vidole siku hiyohiyo, kabla ya ngozi kushonwa, ili aliyekatika neva apelekwe mapema kwa mtaalamu wa upasuaji. Mwenye baka lisilohisi asingoje maumivu, kwa kuwa hayatakuja. Mgonjwa wa ukoma ambaye neva zake zimeanza kuvimba akipewa dawa ya kutuliza uvimbe katika miezi sita ya kwanza ana nafasi nzuri zaidi ya kurudishiwa hisia. Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila siku. Katika vijiji vinavyotegemea muhogo, unga uandaliwe kwa kufuata masharti hata katika mwaka wa njaa.

Utafiti wa eksosomu unaendelea, na huenda wakati ukafika ambapo ute wenye vifurushi hivyo utapakwa katika neva iliyoshonwa katika hospitali za mikoani. Siku hiyo ikifika, watakaonufaika nao zaidi ni wale ambao neva yao ilitambuliwa mapema kuwa imekatika.